Mbuzi ya Nazi Juu ya Kanga: Kuchora Pindo, Mji na Jina Kuanzia Karatasi Tupu

Anayechora kanga kwa mara ya kwanza huanza na ua katikati ya karatasi. Hulipamba, huliongezea majani, kisha hulizungushia pindo lolote lililomjia na kutafuta jina, yaani msemo wa kuweka chini. Mezani kazi inapendeza. Ikivaliwa, jina linapotelea ubavuni, ua linakaa pembeni ya kiuno, na pindo likifika kwenye kona linakatika nusu ya umbo kama wimbo uliozimwa katikati ya ubeti.

Shida haiko kwenye mkono wa mchoraji. Iko kwenye mpangilio wa kazi. Kanga ni mchoro wenye mifupa yake tayari: pindo la pande nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina juu kidogo ya pindo la chini. Mizani, mdundo, uwiano, mkazo na nafasi tupu, yaani yale yote yanayofundishwa katika somo la kwanza la sanaa za uchoraji, kwenye kanga yanakuwa sentimita. Ukishazipata sentimita hizo mapema, mkono unabaki huru kuchora. Hapa nitaifuata kanga moja tangu wazo hadi karatasi ya mwisho, na vipimo vyote vitakuwa vya kweli, ili anayetaka aweze kuvifuata au kuvibadilisha akijua anabadilisha nini.

Kuhusu mifupa hiyo, Mombasa wanaiita nguo hii leso, neno lililotoka kwa Wareno na lenço yao, na husimuliwa kwamba wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua vitambaa vya leso na kushona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini. Jina la kanga nalo linahusishwa na yule ndege mweusi mwenye madoadoa meupe. Misemo ilikuja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kilatini, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye nguo zake zina alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, anatajwa sana katika habari hiyo. Nalitaja hili kwa sababu moja: madoadoa, mstatili mpana na maneno havikuwekwa na mchoraji mmoja mezani. Vilikuja kwa njia ya kuvaliwa. Mchoro mpya ukivipuuza, mvaaji ndiye anayepata tabu.

Kitu kimoja, si vitu kumi

Chagua kitu kimoja unachokijua kwa kukigusa. Mimi nachukua mbuzi ya kukunia nazi. Ni kitu cha kila jiko la pwani, kina umbo lisilofanana na kingine, na kina vitu vinavyokizunguka kwa haki: nazi nzima, nusu ya nazi, bakuli, na nazi iliyokunwa inayodondoka. Kutoka kwenye kitu hiki kimoja nitapata kila kilichomo kwenye kanga: ulimi wenye meno utanipa pindo, nazi zitanipa maduara, na nazi iliyokunwa itanipa madoadoa. Umoja wa mchoro hupatikana hivi. Anayeweka tausi mjini, korosho pindoni na nyota kwenye kona ana michoro mitatu iliyoshonwa pamoja, hata rangi zikifanana.

Iweke mbuzi mbele yako na uichore mara kumi, kila mchoro dakika tatu, kila mara kutoka upande mwingine. Usinakili picha ya mtu wala kanga iliyokwisha kuchapwa, kwa sababu ukinakili unarithi pia maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya kitu kingine. Kisha chukua kalamu nene nyeusi ujaze kila mchoro uwe kivuli kitupu, bila mstari wa ndani. Muonyeshe mtu asiyejua unachofanya. Mbuzi ikichorwa kutoka mbele, kivuli chake ni kama kigogo tu, hakuna atakayeitambua. Ikichorwa kutoka ubavuni, miguu imekatana, kikalio juu, ulimi umetoka mbele na kichwa chake cha duara chenye meno, kila aliyewahi kuona nazi ikikunwa ataitaja kabla hujauliza. Kitambaa huonwa kwa mbali na kikiwa kinatembea. Umbo lisilojulikana kwa kivuli chake halitaokolewa na mistari ya ndani.

Karatasi

Kanga ya kawaida ni kama sentimita 150 kwa 110. Upana wa 110 ni upana wa jora lenyewe, kwa hiyo kingo zile ndefu tayari zimefungwa kiwandani. Zinazokatwa na kupindwa kwa cherehani ni zile kingo mbili fupi. Kila upande upindaji unakula karibu sentimita 1. Ndiyo maana nachora urefu wa 152, na ile sentimita ya ziada naijaza rangi ya ukingo tu, bila umbo lolote. Usipofanya hivi, nazi za pindo la kushoto na kulia zitakaa karibu na ukingo kuliko za juu na chini, na mtazamaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Chora kwa kipimo cha moja kwa tano kwenye karatasi ya grafu ya A3: sentimita 30.4 kwa 22. Kila milimita 2 ya karatasi ni sentimita 1 ya nguo. Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo nitaifikia kwenye chupa ya maji.

Pindo langu ni sentimita 15 kila upande, na mji unabaki 120 kwa 80. Kwa nini 15? Pindo la sentimita 8 hupotea likivaliwa, linakuwa kama ukingo wa shuka. La sentimita 25 linaubana mji hadi picha na jina vinagombana. Kati ya 14 na 18 ndipo pindo linaposikika bila kuzidi sauti, na hesabu za 15 ni rahisi.

Pindo ndipo kazi ilipo

Kama una siku nne za kuchora kanga, tumia mbili kwenye pindo. Mtu akijifunga kanga, pindo la chini ndilo linalochezacheza miguuni, pindo la ubavu mmoja linashuka wima mbele, na kanga ya pili ya doti ikivaliwa kichwani, pindo la upande mrefu ndilo linalozunguka uso. Mji mara nyingi huonekana nusu tu. Pindo huonekana karibu kila wakati.

Nimeligawa pindo hivi, kutoka nje kwenda ndani: ukingo wa rangi ya giza sentimita 1.5, ukanda wa nazi sentimita 9.5, na meno ya mbuzi sentimita 4. Jumla ni 15. Hakuna sehemu mbili zinazolingana, na hilo ni la makusudi. Mistari mitatu yenye upana sawa huonekana kama bendera. Upana ukitofautiana wazi, kila sehemu inajua kazi yake: mmoja unafunga, mwingine unabeba picha, mwingine unaelekeza macho.

Ukanda wa nazi una maumbo mawili yanayopokezana. La kwanza ni nazi nzima: duara la giza la sentimita 6.5 lenye macho yake matatu. La pili ni nusu ya nazi: pete ya giza yenye unene wa sentimita 1 na ndani nyeupe. Zito, jepesi, zito, jepesi. Huo ndio mdundo, na hauna siri kubwa kuliko mapigo ya ngoma.

Shida inaanza kwenye hesabu. Ukanda wa nazi upande mrefu una sentimita 128, kwa sababu ukitoa kona ya 11 kila mwisho kutoka kwenye 150 ndizo zinazobaki. Upande mfupi una 88. Mtu wa haraka ataona 128 na 88 zote zinagawanyika kwa 8, atafurahi, ataweka nazi 16 juu na 11 ubavuni. Hesabu imetoka bila baki, lakini pindo limeharibika. Kumi na sita ni shufwa. Ukianza na nazi nzima upande wa kushoto, unamalizia na nusu upande wa kulia. Kona ya kushoto inapakana na giza, kona ya kulia inapakana na weupe, na kanga nzima inaonekana imeinama upande mmoja. Maumbo mawili yanayopokezana yanahitaji idadi ya witiri pande zote, ili yaanze na kuishia na lile lile.

Nagawa 128 kwa 13, napata 9.85. Nagawa 88 kwa 9, napata 9.78. Tofauti haifiki hata milimita 1, na hakuna jicho litakaloiona. Maduara yote yanabaki 6.5, kinachobadilika ni nafasi kati yao tu, na ndiko penye ruhusa ya kubadilisha. Kamwe usirekebishe hesabu kwa kunyoosha maumbo: duara lililovutwa likawa kama yai hujitangaza lenyewe, lakini nafasi iliyopungua nusu milimita hainung'uniki.

Sasa kona. Kila upande unaanza na kuishia na nazi nzima, basi kona inapokea nusu ya nazi, na mpokezano unazunguka kanga nzima bila kukatika. Duara la kona nalifanya liwe kubwa kidogo, 7.5, kitovu chake sentimita 6.25 kutoka kila ukingo. Kona inabeba uzito wa pande mbili, na umbo la ukubwa ule ule likiwekwa pale huonekana dogo. Nikilifanya 9 litakaribia kugusa kingo za ukanda, kwa sababu ukanda wenyewe una sentimita 9.5 tu.

Meno yanatoka kwenye ukanda wa nazi kuelekea mjini, kama meno ya ulimi wa mbuzi. Kila jino na nafasi yake ni sentimita 5: ishirini na nne juu, kumi na sita ubavuni. Hapa shufwa haina madhara kwa sababu meno yote ni sawa. Kosa la hapa ni jingine. Ukichora pembetatu zenye kitako cha sentimita 5 kamili, zikigusana, basi nafasi kati yake nazo zinakuwa pembetatu zilezile zilizogeuzwa juu chini. Jicho halijui lipi ni jino na lipi ni pengo, linarukaruka. Wako wanaoutaka mruko huo, na kwenye kanga za zamani unapendeza. Lakini ukitaka jino lionekane jino, lipe kitako cha sentimita 4, acha pengo la 1, na ncha uiviringe kidogo. Mahali meno ya upande mmoja yanapokutana na ya upande mwingine kinabaki kijimraba cha 4 kwa 4. Weka humo kitone kimoja. Usijaribu kukunja jino kwenye kona, halitakubali.

Mjini

Picha moja au mbili? Kanga nyingi zina picha mbili zinazotazamana, na kwenye mizani hiyo ndiyo njia salama: upande wa kushoto ukirudiwa kulia hakuna kinachoweza kuelemea. Lakini picha mbili za sentimita 36 zikipangwa pamoja na nafasi yake zinafika 80, na nguo ikifungwa kila moja inakaa kwenye nyonga yake, katikati ya mgongo pakabaki patupu. Naweka mbuzi moja, katikati ya mji, 36 kwa 36.

Hapo inakuja shida ya haki: mbuzi ya ubavuni haina mizani. Ulimi umetoka kulia, upande wa kushoto hakuna kitu. Ukiweka katikati ya kikalio kwenye katikati ya mji, picha inaanguka kulia. Ukiiweka katikati ya upana wake wote, kikalio kizito kinaanguka kushoto. Dawa ni kukumbuka mizani ya dukani: kitu kidogo kilicho mbali na nguzo hubeba kikubwa kilicho karibu nayo. Kikalio na miguu, vizito, nivilete karibu na mhimili kwa upande wa kushoto. Ulimi mwembamba uende mbali kulia, na chini yake bakuli la nazi iliyokunwa. Bakuli ni dogo, lakini ndilo jambo jeupe kubwa pekee mjini, na weupe juu ya giza una uzito kuliko ukubwa wake. Likiwa kubwa kupita kiasi, punguza upana wake badala ya kulisogeza, kwa sababu likisogea ndani halipo tena chini ya ulimi na maana ya picha inapotea.

Weupe huo ndio mkazo. Mchoro mmoja unavumilia mahali pamoja pa kuvuta jicho kwanza, pengine na pa pili palipo chini yake. Hapa jicho linaanzia kwenye bakuli, linapanda na madoa yanayodondoka hadi kwenye meno ya ulimi, kisha linashuka kwenye jina. Ukiweka na ua jeupe kila pembe ya mji kwa sababu pembe zinaonekana tupu, umempa jicho mabwana watano.

Pembe hizo zina cha kuwekwa: madoadoa. Uwanja wa mji ni wa giza na madoa ni meupe, kama ndege kanga mwenyewe, na hapa ni nazi iliyokunwa. Kila doa ni sentimita 1, sentimita 6 kutoka moja hadi jingine kwa mlalo, mistari ikiachana sentimita 3. Mstari wa pili usogeze nusu, yaani sentimita 3, ili kila doa likae kati ya mawili ya juu yake. Ukiyapanga madoa moja chini ya jingine, jicho linaona barabara zilizonyooka zikikata mji wima na mlalo, na barabara hizo zinashinda picha. Kuzunguka mbuzi acha sentimita 2 bila doa. Doa linalogusa picha au kisanduku cha jina lifute lote, usilikate nusu. Nafasi tupu ya sentimita 2 ndiyo inayoichonga picha kutoka kwenye uwanja. Bila hiyo mbuzi inaonekana imetapakaa ugonjwa wa madoa.

Kwa wima, nikipima kutoka pindo la chini: sentimita 9 za nafasi, sentimita 9 za kisanduku cha jina, 6 za nafasi, 36 za picha, na 20 zinabaki juu. Kitovu cha picha kinakaa sentimita 42 kutoka chini, mbili juu ya katikati ya mji. Jicho huona katikati mahali palipo juu kidogo ya katikati ya rula. Picha iliyowekwa katikati kwa rula, tena na kisanduku cha jina chini yake, huonekana imezama.

Jina

Methali inayofaa mbuzi ya nazi ni Haba na haba hujaza kibaba, maana hivyo ndivyo bakuli linavyojaa. Ina herufi na nafasi 26. Kwa sentimita 3 kila moja, hiyo ni mstari wa sentimita 78, na kiuno kinaweza kuwa na mzunguko wa kama mita moja. Msomaji atalazimika kumzunguka mvaaji. Naweza kupunguza herufi ziwe nusu, na kanga nyingi zinafanya hivyo kwa sababu maneno yake hayawezi kufupishwa. Lakini methali ina bahati ambayo msemo mwingine hauna: ukitaja nusu ya kwanza, kila Mswahili anamalizia moyoni. HABA NA HABA. Herufi na nafasi 12, sentimita 36, sawasawa na upana wa picha iliyo juu yake.

Na lina zawadi nyingine. Neno la herufi nne, la mbili, la nne. NA inakaa juu ya mhimili wa mji, na HABA mbili zinaning'inia pande zote kama vikapu vya mzega. Jina kama hili linajiweka lenyewe katikati. Majina mengine hayana huruma hiyo, na hapo usiamini rula kwenye kupanga herufi. Rula inatoa nafasi sawa, jicho linaona tofauti: HU za HUJAZA zina miti miwili iliyosimama wima kando kwa kando na zinaonekana zimebanana, wakati W na A za KWAO zinainama kwa pamoja na kuacha tundu. Panua kati ya herufi zilizosimama, sogeza zilizoinama, hadi weupe kati ya herufi uonekane unaweza kumwagwa kwa kipimo kimoja. Igeuze karatasi juu chini unapofanya hivyo. Ukiwa husomi maneno, unaona nafasi.

Herufi zangu zina kimo cha sentimita 4.5 na miti ya unene wa milimita 8, ndani ya kisanduku cha 46 kwa 9. Herufi ni za giza juu ya manjano. Vitundu vya A na B ndivyo vya kuangalia, kwa sababu rangi ikiingia kwenye pamba husambaa, na kitundu cha milimita 2 kinafungwa. Vifanye milimita 6 au zaidi, hata ikibidi mstari wa mlalo wa A ushuke. Na usichague herufi zenye mikia na vinyweleo. Vinyweleo hivyo vitakuwa vya kwanza kupotea.

Rangi mbili na kitambaa

Nimetaja giza, manjano na weupe. Giza ni damu ya mzee, manjano ni ile iliyokolea ya binzari, na weupe ni kitambaa chenyewe. Rangi za kuchapa ni mbili tu, nguo inaonyesha tatu. Kila rangi ya ziada ni fremu nyingine ya kuchapia, gharama nyingine, na nafasi nyingine ya kukosa kukutana.

Kabla ya kuchagua majina ya rangi, amua ngazi za kukolea. Ngazi ya kwanza haijakolea kabisa, ya pili imekolea kiasi, ya tatu ni giza. Kanga moja huchapwa kwa michanganyiko mingi ya rangi ili mnunuzi achague, na mchoro uliopangwa kwa ngazi unahimili: samawati na buluu nzito, chungwa na nyeusi, yote yanafanya kazi. Mchoro uliotegemea jina la rangi hauhimili. Nyekundu na kijani cha majani zikiwekwa pamoja zinaonekana mbalimbali kabisa, lakini piga picha kwa simu uiondoe rangi, na mara nyingi zote zinakuwa kijivu kimoja. Kwa hatua kumi nguo hiyo ni doa moja linalotetemeka. Jaribio hilo la picha isiyo na rangi halichukui dakika moja. Lifanye kwenye kila mchanganyiko. Manjano juu ya weupe nayo ni dhaifu, ndiyo maana kwenye pindo langu, ambako uwanja wa ukanda wa nazi ni manjano, havikutani: pete ya giza ya nusu ya nazi inakaa kati yao.

Pete hiyo ina kazi ya pili. Manjano huchapwa kwanza, giza mwisho, na fremu ya pili haikai kamwe mahali pake kwa uhakika wa unywele. Ukichora tundu la manjano lilingane sawasawa na ukingo wa ndani wa pete, kila kosa dogo litaonyesha hilali ya weupe au ya manjano. Mimi tundu la manjano nalifanya sentimita 5.5, lianguke katikati ya unene wa pete. Fremu ikihama milimita 3, pete inaficha. Mahali pengine popote giza linapopakana na manjano, liache giza limpande mwenzake milimita 1.5. Weka alama za msalaba kwenye pembe nne, nje ya mchoro, ili fremu zote mbili zifuate alama zilezile.

Uwanja mkubwa wa giza una tabia ya kutoka mabakamabaka ukichapwa kwa mkono. Pitisha mpira wa kusukumia rangi mara mbili kwa shinikizo lile lile, na ufue kitambaa kwanza kiondoke wanga, vinginevyo rangi inakaa juu ya wanga na kuondoka nao. Kufua kwanza kunasaidia pia kitambaa kirudi kabla ya kuchapwa. Kikirudi baadaye, kwa kawaida hurudi zaidi upande mmoja, na maduara yako yanaanza kuwa mayai. Madoa meupe, kwa kuwa ni kitambaa kisichopakwa, yatamezwa kidogo na giza. Yachore sentimita 1.2 upate 1.

Chupa

Karatasi ikikamilika, ikate kwenye ukingo wake. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyonyooka, yenye kipenyo cha karibu sentimita 6.5. Mzunguko wake ni kama sentimita 20, na kwa kipimo chetu hiyo ni kiuno cha mita 1. Ifunge karatasi kwenye chupa kama kanga, jina likiwa nyuma, kingo zikipandana mbele. Chupa ni duara kuliko mwili, hivyo ibonyeze kidogo kwa mbele na nyuma.

Iweke mezani, rudi nyuma hatua tatu, fumba macho nusu. Angalia kama jina lote liko upande mmoja, na kama H ya kwanza na A ya mwisho hazijakimbilia ubavuni. Angalia kama bakuli bado ndilo jeupe la kwanza. Angalia mbele, pindo la ubavu linaposhuka juu ya mji: meno ya mbuzi yanapaswa kuelekea upande mmoja wazi, na giza la mji lililo chini yake lisijichanganye na ukingo wa giza. Hapa ndipo nilipoamua ukingo uwe 1.5 na si 4, maana ukingo mpana wa giza ukipanda juu ya mji wa giza unayeyuka, na pindo linaonekana halina mwisho. Kwa kanga ya pili, kunja karatasi nyingine nusu kwa urefu uizungushe shingoni mwa chupa, uone pindo lile refu linavyokaa peke yake bila mji wa kulisaidia.

Ukikuta kosa, rekebisha kwenye grafu, si kwenye karatasi iliyokatwa, na uchore nakala mpya. Mara tatu au nne ni kawaida. Mchoro ukishapita, ukuze mara tano kwenye karatasi ya kunakilia, kila rangi na karatasi yake, zote kwa wino mweusi, na ukingoni mwa kila moja andika ngazi yake: mbili, tatu. Usiandike jina la rangi, ili mchapaji akitaka kutoa kanga hiyo kwa buluu asilazimike kukuuliza manjano yaende wapi.